Waya Ulio Nyuma ya Ukuta: Stima na Kazi ya Saluni Kombewa

Mhadhara kwa wasusi, vinyozi na wenye majengo, Kombewa, Kaunti ya Kisumu

Alasiri ya mtu wa saluni ni pesa, kwa hiyo naanza na neno lililonileta.

Neno lenyewe ni hili. Katika saluni zetu, mashine ina mwenyewe, chumba kina mwenyewe, mita ina mwenyewe, lakini waya ulio nyuma ya ukuta hauna mwenyewe. Kenya Power jukumu lao huishia kwenye mita. Mwenye jengo anasema stima aliivuta zamani na ilikuwa inafanya kazi. Mpangaji anasema yeye amekodi chumba, nyaya si zake. Fundi aliyeongeza soketi ya pembeni alilipwa, akapanda bodaboda, hajulikani alipo. Kila mmoja akiulizwa anamwonyesha mwenzake kidole, na msusi ndiye anayeshika draya kwa mikono yenye maji kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Tuangalie hivyo vyumba. Vingi havikujengwa viwe saluni. Hiki kilikuwa ghala la mahindi, kile duka la sukari na sabuni, kile kingine chumba cha kulala kilichotobolewa mlango upande wa barabara. Mradi wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015, na ada ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nyaya zilifika kwenye maboma ambayo wazee wetu waliishi na koroboi maisha yao yote. Nyumba zisizokuwa na nyaya ndani nyingi ziliwekewa redibodi, kile kibao chenye swichi, soketi na taa. Kwa mtoto anayesoma usiku, kwa redio na kuchaji simu, redibodi ilitosha kabisa, na mimi ni mmoja wa wale walioifurahia sana kazi hiyo. Lakini haikupimiwa draya tatu na birika. Na hata jengo lililotandazwa nyaya na fundi mwenye leseni, kile cheti alichokipeleka kabla ya mita kufungwa kilieleza hali ya siku ile tu. Chumba kilipogeuka saluni, hakuna aliyerudi kupima.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hatari hii inahesabika. Stima yetu ni volti 240. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha 240 kwa 13, unapata wati 3,120. Huo ndio mzigo wote ambao plagi moja inaruhusiwa kubeba. Geuzeni draya zenu za mkono msome maandishi yaliyo karibu na mpini: nyingi ni wati 2,000, nyingine 2,200. Draya kubwa ya kukalia ni kama wati 1,000 hivi. Birika la kuchemshia maji ya kuchovya rasta ni wati 2,000. Mashine ya kunyoa ni kitu kidogo mno, wati 10 au 15, ndiyo maana kinyozi anaweza kukaa miaka bila matatizo kwenye soketi ile ile itakayomwunguzia msusi.

Chukua Ijumaa ambayo kesho yake kuna mazishi. Mnajua siku hiyo ilivyo hapa Seme. Wateja wamejaa mpaka kwenye benchi la nje, wote wanataka kumaliza kabla giza halijaingia. Draya mbili za mkono zinafanya kazi pamoja kwenye ekstensheni moja. Hizo ni wati 4,000, yaani karibu ampea 17. Ongeza birika, unafika ampea 25, zote zinapita kwenye plagi moja ya 13. Mtu ataniuliza, mbona fyuzi haikatiki? Kwa sababu fyuzi haikatiki mara moja mzigo unapozidi kidogo. Ya ampea 13 inaweza kuvumilia 17 kwa muda mrefu sana, na wakati inavumilia, waya unapika. Joto la waya haliongezeki sawasawa na mzigo. Mzigo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Waya mwembamba wa ekstensheni za bei rahisi, ule wa milimita 1.0 za mraba, unastahili kubeba ampea 10. Ukiupa 17 unautia joto karibu mara tatu ya lile ulilotengenezewa. Na wengi wetu tunauviringisha ule uliobaki, tunausukuma nyuma ya kochi au chini ya mkeka, mahali ambapo joto halina pa kutokea.

Hii niliyoishika ni ekstensheni iliyotoka kwenye saluni ya soko letu. Nje ni nyeupe, inaweza kupanguswa ikang'aa. Nimeifungua ili mwone ndani; ipitisheni mkono kwa mkono. Tazameni ile bamba ya shaba inayoshika miguu ya plagi. Ilitakiwa ibane kwa nguvu, lakini joto limeilegeza, imekaa tu. Mguu wa plagi ukigusana na shaba iliyolegea, cheche ndogo zinaruka humo ndani kila mara, hamzioni, na kila cheche inaongeza joto linalolegeza zaidi. Plastiki imegeuka rangi ya chai kuzunguka tundu moja tu kati ya manne. Hilo tundu ndilo la draya.

Kuna dalili moja ambayo watu wa ziwani tuko hatarini kuikosa. Plastiki ngumu za soketi na plagi nyingi zikiungua taratibu hutoa harufu inayofanana sana na samaki. Mahali pengine mtu akiisikia harufu hiyo ndani ya saluni atashangaa. Hapa kwetu, ambako mama wa omena ana meza yake mlangoni na wengine wanatoka Asat na samaki wabichi, hakuna anayeinua kichwa. Nawaomba muinue. Harufu ya samaki ikija wakati draya inafanya kazi, na ikapungua draya ikizimwa, zimeni swichi kubwa, halafu mshike soketi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, hiyo soketi imekwisha. Haifungwi kwa tepu nyeusi, inabadilishwa.

Na breka ikiruka? Hapa ndipo nina ugomvi na mafundi wenzangu. Breka inayoruka kila Ijumaa inasema ukweli: mzigo umezidi waya. Msusi analalamika, mwenye jengo anaita fundi, fundi anatoa breka ya 20 anaweka ya 40, na wote wanashukuru kwa sababu hairuki tena. Waya ukutani ni ule ule wa milimita 2.5. Breka ile iliwekwa kuulinda waya, sasa imeondolewa kazini, na waya ndio utakaokatika badala yake, ndani ya dari, juu ya mbao kavu. Chini yake kuna rasta za plastiki zinazoyeyuka na kuwaka, chupa ya asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, spirit, dawa za kupuliza. Fundi anayeongeza ukubwa wa breka bila kubadilisha waya amefanya kosa kubwa, na nalisema hili mbele yao kwa sababu najua wengine wamo humu.

Moto ni nusu ya hatari. Nusu nyingine ni maji.

Mwili wa mtu mkavu huzuia stima kwa kiasi kikubwa, maelfu mengi ya omu. Ngozi ikilowa, kizuizi kinashuka hadi kama omu 1,000. Volti 240 kwa omu 1,000 ni miliampea 240. Sasa sikieni kipimo cha Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambaye aliwapima watu waliojitolea ili ajue ni stima kiasi gani inamfanya mtu ashindwe kuachia alichokishika, kwa sababu misuli ya mkono imekaza yenyewe. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16. Kwa wanawake, 10.5. Dada zangu, kazi yenu ya kila siku ni kushika chombo cha volti 240 kwa mkono uliotoka kwenye beseni, na kiasi cha kuwanasa ni kidogo kuliko cha kaka zenu. Na hicho ni cha kunasa tu. Moyo unaweza kupoteza mapigo yake kwa miliampea 50 hadi 100 zikipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi.

Kwa hiyo draya haikai karibu na beseni la kuoshea, hata ikiwa imezimwa. Draya iliyozimwa lakini ingali kwenye soketi bado ina stima ndani yake. Marekani, kabla ya miaka ya 1990, watu walikuwa wakifa kwa draya zilizotumbukia kwenye maji ya kuogea, nyingine zikiwa zimezimwa. Ndipo kiwango cha usalama cha 1991 kikadai kila draya ya mkono iwe na kinga kwenye plagi yake, inayokata stima draya ikitumbukia. Hapa kwetu draya haziji na kinga hiyo, na plagi yetu ya miguu mitatu haiwezi kufanya kazi hiyo.

Nagusia na zile draya zinazoletwa na ndugu zetu wakirudi kutoka Minnesota au Texas. Zawadi ni nzuri, lakini ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, ukiichomeka hapa inapata volti mara mbili na inavuta nguvu mara nne. Itawaka muda mfupi, kisha itaungua, ikiwezekana kichwani mwa mteja. Zile zenye kidude cha kuchagua 125 au 250 zinafaa, mradi mtoto asikirudishe. Na tafadhali, ile tabia ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke, mchomeke plagi ya miguu miwili ya duara, iachwe. Miguu ile ya duara haibanwi vizuri na shaba iliyotengenezewa miguu bapa, na tumeshaona kwenye ekstensheni mkononi mwenu shaba isiyobana inafanya nini.

Hita ya maji ya papo hapo, ile inayofungwa juu ya beseni, nataka niiseme polepole. Hiyo si ya kuchomekwa. Inavuta wati 5,000 na zaidi, ampea zaidi ya 20. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, mnene, wa milimita 6, breka yake, na swichi yake inayokata nyaya zote mbili. Tena katika nyingi ya hita hizi koili iko uchi ndani ya maji yale yale yanayomwagikia kichwa cha mteja. Kinachomlinda mteja ni ule waya wa kijani na njano, ambao mafundi tunauita athi, unaoichukua stima iliyovuja na kuipeleka ardhini. Nimekuta hita nyingi ambazo waya huo umekatwa na kukunjwa, kwa sababu hita ilifanya kazi bila huo. Naam, itafanya kazi. Waya wa athi hauhitajiki ili maji yapate moto.

Na ardhi yenyewe ya Seme ina tabia yake. Tunaishi katika nchi ya mawe. Kit Mikayi iko hapo barabarani, watalii wanakuja kuipiga picha, na mawe ya namna hiyo yako chini ya majengo mengi ya hapa. Fundi anapigilia fimbo ya athi, inafika kwenye mwamba, inagoma. Anaikata, anafukia kipande kilichobaki, anamwaga maji, anakwenda zake. Mwamba hupitisha stima vibaya sana, na udongo ukikauka mwezi wa kwanza na wa pili hali inazidi kuwa mbaya. Tuseme athi hiyo ina kizuizi cha omu 100, jambo la kawaida kabisa kwenye mawe. Draya ya kukalia yenye mwili wa chuma ikivuja, stima itakayokwenda ardhini ni 240 gawanya kwa 100, ampea 2.4. Breka ya ampea 20 haisikii chochote. Itakaa vivyo hivyo, na chuma cha draya kitakaa na stima, kikimngoja mtu wa kukigusa akiwa amesimama kwenye sakafu yenye maji.

Dawa ya hali hii ipo, ni kifaa ambacho Dalziel yule yule alibuni aina yake mojawapo mwaka 1961. Mafundi tunakiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha stima inayotoka na ile inayorudi. Zikitofautiana kwa miliampea 30 inajua kuna inayovuja mahali, pengine kupitia mtu, na inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa ile ampea 2.4 ambayo breka ya kawaida imeidharau, RCD imeshakata zamani, kwani ni mara 80 ya kiwango chake. Hata draya ya mkono ya plastiki, isiyo na waya wa athi kabisa, RCD inamlinda anayeishika. Bei yake inakaribiana na ya draya ya mkono ya maana, na moja inatosha saluni nzima. Ina kitufe kilichoandikwa T: bonyezeni kila mwezi, stima lazima ikatike. Isipokatika, imekufa. Lakini nisiwadanganye: RCD haizuii waya kuungua kwa mzigo mkubwa, wala haimwokoi mtu aliyeshika nyaya zote mbili kwa wakati mmoja. Mzigo ni kazi ya breka ya saizi sahihi, ndiyo maana vyote viwili vinatakiwa.

Stima ikipotea, sikieni. Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani, na haikuishia hapo, kwani ilirudia Novemba na Desemba mwaka huo huo. Stima ikikatika msusi akiwa na draya mkononi, au tokeni zikiisha, draya inawekwa juu ya kiti au taulo, watu wanangoja, wanachoka, wanafunga, wanaenda nyumbani. Swichi ya draya bado imewashwa. Stima inarudi saa nane usiku, hakuna mtu, na draya inapuliza moto kwenye taulo. Tena inaporudi mara nyingi huja na mshtuko unaopanda na kushuka kabla haijatulia. Kwa hiyo ikipotea tu, kabla ya kuwasha tochi ya simu, chomoeni plagi zote. Vivyo hivyo radi ikianza kunguruma upande wa ziwa. Bonde hili la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mteja atangoja na nywele nusu, atawasamehe.

Mwenzenu akinaswa, msimvute kwa mkono. Zimeni swichi kubwa. Kila anayefanya kazi saluni lazima aijue ilipo, hata yule binti anayejifunza, aliyeanza jana. Ikiwa haifikiki, msukumeni kwa kiti cha plastiki au mti mkavu. Akiwa hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine anatafuta gari la kwenda hospitali ya hapa Kombewa. Akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe vivyo hivyo. Stima huunguza ndani mahali ambapo ngozi haionyeshi, na moyo unaweza kuyumba baadaye. Soketi ikiwaka moto, maji yasiguse kabla stima haijazimwa.

Narudi kwa wenye majengo, kwa heshima, wazee wangu. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka kazi ya kutandaza nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, naye hubeba kadi yake, mwombeni awaonyeshe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, na saluni ya viti viwili imo. Lakini mimi sitaki tungoje afisa atoke Kisumu. Saluni inawaletea kodi kila mwezi, na inawaletea kwa sababu ya stima. Anayepangisha chumba kwa biashara ya stima amekubali kupangisha na nyaya.

Na nyinyi dada zangu, mnapokwenda kupanga chumba mnauliza kodi, mnauliza diposti, mnauliza choo kiko wapi. Ongezeni maswali ya stima kabla hamjatoa hata shilingi. Waya wa soketi ni wa milimita ngapi, na breka yake ni ya ampea ngapi? Mita hii ni ya chumba hiki, au imegawanywa kwa maduka manne kwa waya mmoja? RCD ipo? Kama haipo, nani atainunua, nani atailipia ikiharibika? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, hata kama mkataba wenyewe ni karatasi moja ya daftari iliyowekwa sahihi mbele ya shahidi. Kwamba nyaya mpaka kwenye soketi ni za mwenye jengo, na ekstensheni na mashine ni za mpangaji. Kwamba hakuna atakayeongeza soketi au kubadilisha breka bila mwenzake kujua na bila fundi mwenye kadi. Nakala ya karatasi ya fundi aliyepima iambatishwe hapo hapo, na kile kitufe cha T kibonyezwe mbele ya wote wawili, kabla kodi ya kwanza haijalipwa.